Jina la Tatu: Namna ya Kufuata Ubini Adimu Hadi Ulikotoka

Jirani yangu hapa Mbagala ana ubini wa Soko. Tangu darasa la kwanza ametaniwa kwa jina hilo: soko limefunguliwa, soko limeungua, nyanya leo fungu shilingi ngapi. Kwao Songea aliambiwa kwamba babu wa babu yake alikuwa na kibanda sokoni, akatulia na jibu hilo mpaka akavuka miaka arobaini. Halafu binti yake akarudi na kazi ya shule: eleza maana ya jina la ukoo wako. Baba mtu akakaa na kalamu, na hapo hesabu ikagoma. Boma la Songea lilijengwa na Wajerumani mwaka 1897, na mji ukakua kulizunguka. Huyo babu wa babu aliuza nini, na kwenye soko lipi, kabla ya mji kuwepo?

Tulilifuatilia jina hilo pamoja karibu mwaka mzima, jioni na siku za mapumziko, na baadaye nikawasaidia watu wengine watatu wenye majina yao ya ajabu ajabu. Kosa nililolikuta kwa wote ni moja: mtu anaanza na maana. Analipeleka jina kwenye kamusi ya Kiswahili, akipata neno linalofanana anatunga hadithi ya kulibeba. Maana iache mwisho kabisa. Cha kwanza ni kalamu: nani aliliandika jina hili, wapi, na sikio lake lilizoea lugha gani.

1. Hakikisha ni jina la ukoo kweli

Watanzania wengi tuna majina matatu: langu, la baba, la babu. Kwa familia nyingi, hasa za pwani, hilo la tatu ni jina la babu tu, na linahama kila kizazi. Kondo akimzaa Hamisi, Hamisi akamzaa Juma, huyo ataandikwa Juma Hamisi Kondo. Mtoto wa Juma ataandikwa Asha Juma Hamisi, na Kondo ameshaondoka kwenye karatasi. Kutafuta asili ya "ukoo wa Hamisi" hapo ni kupoteza nauli. Weka mezani cheti chako, cha baba, na cha babu kama kipo. Jina la mwisho likiwa lile lile kwenye vyote, una ubini wa kufuatilia.

Kama wazee wako walitoka Rwanda au Burundi, kumbuka kwamba huko kwa desturi kila mtoto hupewa jina lake. Ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata silabi. Hapo unafuata ukoo wenyewe, si jina.

Na kuna watu wa upande wa mama. Kwa Waluguru ukoo, yaani lukolo, unatoka kwa mama. Wamakonde na litawa lao, Wamakua na nihimo yao, ni hivyo hivyo. Ubini ulioko kwenye kitambulisho umetoka kwa baba kwa sababu shule na serikali vilitaka hivyo. Mtu wa Masasi akifuata ubini peke yake, anafuata upande ambao wazee wake hawakuuhesabia ukoo.

2. Nenda kwa shangazi kabla ya kwenda kwenye nyaraka

Karatasi zitakuwepo mwakani. Shangazi mwenye miaka themanini na tisa usimwekee mwakani.

Nasema shangazi kwa makusudi. Wajomba na baba wakubwa wanajua nani alimiliki shamba gani. Shangazi anajua nani haoani na nani, maana alipoposwa yeye jambo hilo lilichunguzwa kwake, na amelibeba mpaka leo. Usimketishe kama shahidi mahakamani. Mkute kazini kwake, shika kazi naye, omba ruhusa ya kuwasha kinasa sauti cha simu, kisha uisahau hiyo simu.

Usiulize "jina letu lina maana gani?" Uliza haya: babu alizikwa wapi, na kabla ya kufika hapo alikuwa anakaa wapi? Sisi hatuoani na akina nani? Watani zetu ni akina nani? Mtoto wa kwanza anarithi jina la nani? Nyumbani kwenu hamli nini?

Hilo la mwisho ndilo lililotufungulia mlango. Tulimkuta shangazi wa jirani yangu karibu na Peramiho, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Karibuni. Na huyu mgeni?"

Tukakaa. Alipoulizwa maana ya Soko alijibu bila kuinua kichwa: "Si soko tu. Kuna lingine?" Tukaenda na maharage yake robo saa nzima. Kisha jirani yangu akauliza, "Shangazi, kwenu kuna kitu mlikuwa hamli?" Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Nyani hatumli. Wala tumbili. Wakiingia shambani baba alikuwa anawafukuza kwa kelele tu, kuwapiga mshale hapana. Anasema, waacheni wenzenu wale kidogo."

Jirani yangu alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo maishani mwake. Lilikuwa limekaa kwa shangazi miaka yote, halijaulizwa.

Mwiko wa ukoo (Wahaya na Waganda huuita omuziro) husafiri mbali kuliko jina, kwa sababu hakuna karani wa kuuandika vibaya. Jina linaweza kupotea, kutafsiriwa, kupachikwa na mwalimu. Mtu anaendelea kutokula samaki fulani na kutojua kwa nini.

Ukiwa hapo hapo, omba kuona karatasi za misiba. Wasifu wa marehemu unaosomwa makaburini mara nyingi una majina ya wazazi, kijiji cha kuzaliwa na mwaka wa ubatizo. Familia nyingine zimetunza hata maandishi ya tangazo la kifo lililopelekwa redioni enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam: habari ziwafikie fulani wa Mbinga, fulani wa Kilosa, fulani popote alipo. Tangazo moja la namna hiyo ni ramani ya ukoo iliyolipiwa kwa neno.

3. Litandaze jina kwenye ramani

Jina adimu lina faida moja: wanaolibeba wanahesabika. Nchi yetu inatoa orodha ndefu za majina, na nyingi ziko mtandaoni: matokeo ya NECTA ya miaka ya nyuma, waliochaguliwa kidato cha tano kupitia TAMISEMI, walioitwa kwenye usaili na Sekretarieti ya Ajira. Fungua faili, tafuta ubini wako, andika wilaya. Shule za msingi ni bora kuliko sekondari za bweni, kwa sababu mtoto wa darasa la saba kwa kawaida anasoma karibu na kwao. Halafu vuka mpaka, tafuta nchi jirani. Kwa Soko, huku kwetu tuliokota mmoja mmoja. Tulipotazama Malawi na Zambia, likajaa. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba habari ya kibanda imekwisha.

Majina hayo ni watu. Usiwapigie simu wageni na kuwaambia ninyi ni ndugu.

4. Andika sura zote ambazo jina lingeweza kuandikwa

Hapa tulie, maana hapa ndipo wengi hupotea. Chukua karatasi, andika ubini wako katikati, kisha uandike kama ungeandikwa na mtu wa kila lugha iliyopita kwenu.

Mjerumani aliandika alichosikia kwa herufi za kwao. Sh ikawa sch, ch ikawa tsch, y ikawa j, v ikawa w. Mwanza kwenye ramani zao ni Muansa, Ujiji ni Udjidji, na Wachaga ni Dschagga. Kama babu alisajiliwa kabla ya Vita ya Kwanza, litafute jina lako kwa sura hiyo. Mfaransa na Mbelgiji waliandika ou kwa u, na ch yao ni sh yetu. Ndiyo maana Congo unakuta Tsh- pale ambapo sisi tungeandika Ch-. Mreno, ng'ambo ya Ruvuma, aliandika x kwa sh na c kwa k: Wamakonde ni Maconde, Wamakua ni Macua. Familia moja iliyogawanyika na mto inaweza kuwa na ubini mmoja kwa tahajia mbili, na binamu wasijuane.

Pwani na visiwani kuna mtego wa zamani zaidi. Hati nyingi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina p, wala ch, wala v, wala g yetu. Mara nyingi p iliandikwa kwa herufi ya b, na e na i hazitofautiani, o na u vilevile. Jina likitoka kwenye hati hiyo likaandikwa upya kwa herufi za Kilatini na karani asiyeijua familia, linatoka na sura nyingine. Ukishindwa kulipata kwa p, jaribu b.

Lugha zetu wenyewe nazo zimeumizwa na kalamu. Wasukuma wana ng'wana, yaani mtoto wa fulani, na alama ya ng' ndiyo ya kwanza kupotea ofisini. Ng'wanamalundi, yule bingwa wa ngoma anayesimuliwa kila kona ya Usukumani, utamkuta pia kama Mwanamalundi. Na sihitaji kueleza kuhusu r na l.

5. Tazama kichwa cha jina, kisha mkia

Kichwa cha jina mara nyingi kinataja kabila kabla hujauliza. She- ni ya Wasambaa, maana yake baba wa. Upande wa Wazigua na Wabondei utaisikia zaidi kama Se-. Semboja, mtoto wa Kimweri aliyetawala Mazinde, aliandikwa hivyo kwenye vitabu, lakini ni kichwa kile kile. Mwa- ni ya Wanyakyusa wa Rungwe. Ila Mwa- ipo pia Taita na kwa Wamijikenda, na hao hawana udugu na Rungwe kwa sababu tu ya silabi.

Ba- ni mtego mzuri. Kwa watu wa Hadhramaut, kule Yemen, Ba- mwanzoni mwa jina inaonyesha kizazi cha fulani: Bawazir, Bajaber. Kwa Burundi na Congo, Ba- inaweza kuwa ni "wao" wa Kibantu tu. Mtu mmoja alinijia na ubini unaoanza na Ba-, ameshajenga safari nzima ya jahazi kutoka Mukalla, wakati babu yake alitembea kwa miguu kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Mkia wa -i kwa majina ya pwani ni nisba, unaonyesha mji au kabila. Barawi ni mtu wa Barawa, kule Somalia, kama Sheikh Uways al-Barawi aliyefariki mwaka 1909. Barwani ni kabila la Oman, halihusiani na Barawa hata kidogo. Herufi zile zile karibu zote, bahari mbili tofauti.

6. Sasa nenda kwenye madaftari

Kwa familia za Kikristo, daftari la ubatizo lina thamani kuliko nyaraka za serikali, kwa sababu padre alikaa pale pale miaka mingi na aliwajua watu wake. Safu zake huwa ni tarehe, jina, wazazi, msimamizi wa ubatizo, kijiji. Pembeni huongezwa kipaimara na ndoa. Msimamizi usimpite haraka: mara nyingi ni jamaa. Usitokee parokiani mikono mitupu. Pata barua ya mwenyekiti wa jumuiya yako, andika kabla, taja miaka unayotafuta, na usiombe kushika daftari mwenyewe.

Jua pia kituo kilianza lini, usije ukatafuta kisichokuwepo. Bagamoyo ni 1868. Masasi ni 1876. Rungwe, wamisheni walifika 1891. Peramiho ni 1898, na kituo kilichomwa moto katika vita vya Majimaji mwaka 1905, kwa hiyo usitegemee makubwa ya kabla ya hapo. Babu wa jirani yangu alibatizwa akiwa mtu mzima, baada ya vita. Mahali pa jina la baba, kwa mwandiko uliolala kulia, palikuwa na neno moja: Soko. Nililitazama muda mrefu. Mzee huyo alizaliwa kabla ya boma, kabla ya mji, na baba yake alikuwa tayari ana jina hilo.

Ukiwa na ubini wa Kizungu na kwenu ni Mombasa au Rabai, usikimbilie damu ya Mzungu. Kimbilia daftari la misheni. Freretown ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na wenzao waliolelewa Nasik, India, walirudishwa wakiwa na majina tayari. William Jones na Ishmael Semler, waliopewa ushemasi wa Kianglikana mwaka 1885, walikuwa Waafrika wa kundi hilo.

Kwa Waislamu wa pwani, tafuta wakfu, mirathi na hati za ardhi. Hati ya wakfu hutaja walengwa kwa nasaba, baba kwa baba, maana mali itagawanywa kwa majina hayo. Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani, Unguja. Kwa ukanda wa pwani ya Kenya, sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwalazimu watu kudai mashamba yao kwa majina kamili, na madai hayo ni hazina. Anzia Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Bara ya Kenya kuna kipande, kile kitambulisho cha Waafrika enzi za ukoloni, kilichoanza kutolewa baada ya Vita ya Kwanza kwa sheria ya 1915, na kikataja baba na wilaya ya kila mwanamume. Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa zina mafaili ya Kijerumani. Nenda ukiwa na tahajia zako za hatua ya nne mfukoni.

7. Yale ambayo hayasemwi mezani

Jina si damu. Pwani, mtu aliyeachiwa huru mara nyingi alibaki na jina la ukoo wa bwana wake. Katika Ungoni, mateka waliochukuliwa njiani walipokewa katika koo za waliowateka, na wajukuu wao ni Wangoni kamili. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Watoto wa watu hao bado wapo, na wengine ndio wazee unaowahoji.

Ukiona mzee anarukia kizazi, au anasema "tulikuwa hapa hapa siku zote" kwa sauti ya kufunga mlango, usimsukume. Hasa usimsukume mbele ya wakwe. Rudi peke yako siku nyingine, na asipotaka, acha. Sijaona jina lolote lenye thamani ya kumtoa mzee machozi sebuleni kwake.

Vipimo vya vinasaba havijui jina lako, kwa hiyo sivizungumzii. Na zile tovuti zinazouza nembo ya ukoo yenye simba wawili na ngao, huo ni ushonaji wa vikoi.

8. Hatimaye, maana

Sasa ndipo kamusi inafunguliwa, na si ya Kiswahili, ni ya lugha ya kule ambako jina lilitoka. Tulikuwa na vitu vitatu: mwiko wa nyani na tumbili, jina lililojaa Malawi na Zambia, na daftari linalolipeleka nyuma ya mji wa Songea.

Wangoni wa Zwangendaba walitoka kusini baada ya vita na Shaka, mfalme wa Wazulu, wakapita Msumbiji ya kusini, wakaishi miaka kadhaa katika nchi ya Washona, Zimbabwe ya leo, wakavuka Zambezi Novemba 1835, siku jua lilipopatwa. Zwangendaba alifia Ufipa mwishoni mwa miaka ya 1840, na makundi yakagawanyika. Akina Gama na Tawete wakaishia Songea, wakawafukuza Wamaseko waliowatangulia. Kila nchi waliyopita iliwaongezea watu, na watu hao waliongeza majina. Ndiyo maana ubini wa Kingoni unasomeka kama orodha ya vituo vya basi. Gama ulitoka mwanzo wa safari. Mbano, ukoo wa Songea mwenyewe, yule nduna wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906, wanahistoria wanauhesabu miongoni mwa koo zilizojiunga nchi ya Washona.

Na Soko? Kwa Washona ni mutupo, mnyama wa ukoo, naye ni nyani au tumbili. Mwenye mutupo huo huitwa Mukanya kwa heshima, na hali nyama ya mnyama wake. Hata Kiswahili chetu hakiko mbali: tuna sokwe na sokomtu, na Livingstone alipokuwa Manyema, mashariki mwa Congo, aliwaandika hao nyani wakubwa kwa neno hilo hilo, soko. Shangazi alipopigiwa simu akaulizwa kama amewahi kusikia Mukanya, alisema hapana, kisha akauliza kama tumeshapanda.

Ukiandika matokeo yako, gawa ukurasa mara tatu: nililosoma kwenye karatasi, nililoambiwa, ninalokisia. Usichanganye. Kwetu, safu ya kwanza ina daftari la ubatizo, ya pili ina ungo wa maharage, ya tatu ina Zimbabwe. Andika tarehe na mahali pa kila mazungumzo, piga nakala, mpelekee shangazi ya kwake iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Na kama tahajia kwenye kitambulisho cha NIDA si ile ya babu, fikiri mara mbili kabla ya kuibadili. Hati ya kubadili jina ni karatasi moja, ila nyuma yake kuna pasipoti, benki, vyeti vya shule na vya watoto.

Kazi ya binti ilishakusanywa siku nyingi, maana mwalimu hakuwa na mwaka wa kusubiri. Aliandika kwamba babu alikuwa na kibanda sokoni Songea, akachora nyanya na mizani. Alipata nane kwa kumi.